Chakula, Viungo na Dawa Vinapokutana Mwilini

Utumbo mwembamba hupokea kila kinachomezwa bila kujali kama kimetoka jikoni, kwa muuza viungo sokoni au kwenye duka la dawa, na humo ndimo uji wa asubuhi, chai ya maziwa, kidonge cha presha na kijiko cha manjano hukutana, huchanganyika na mara nyingine huzuiana. Kinachofyonzwa na kuta za utumbo huingia kwenye damu na kupita kwanza katika ini, ambalo kwa kutumia vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, huvunjavunja sehemu ya dawa kabla haijasambaa mwilini. Kisha figo huchuja mabaki na kuyatoa kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo chakula kinaweza kuzuia dawa isifyonzwe au kuisaidia ifyonzwe zaidi, kinaweza kuharakisha au kuchelewesha kuvunjwa kwake, na kinaweza kuongeza au kupinga kazi yake ikiwa tayari imo kwenye damu. Swali la kama kitu fulani kinafaa kwa afya halina jibu mpaka kitajwe pia kiasi chake, saa ya kuliwa kwake na kilichomezwa pamoja nacho, na familia nyingi za Afrika Mashariki, ambazo hupewa dawa nzuri na hula vyakula vizuri, hukosa faida ya vyote viwili kwa sababu hakuna aliyewaeleza jambo hilo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni chai, ambayo katika nyumba nyingi, kuanzia Mombasa hadi Kigoma, hunywewa pamoja na chakula au mara tu baada ya kula. Majani ya chai yana tanini, kemikali zinazoleta ule ukakasi mdomoni, na tanini hizo hushikamana na madini ya chuma yanayotoka kwenye mimea kiasi kwamba utumbo hushindwa kuyafyonza. Madini ya chuma ndiyo yanayotumika kutengeneza himoglobini, sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, na yanapopungua mtu huchoka upesi, hupauka viganja na huhema kwa kazi ndogo. Chuma kilichomo katika nyama, maini na samaki hufyonzwa kwa urahisi na hakisumbuliwi sana na chai. Kile cha maharage, mchicha, kisamvu na nafaka hufyonzwa kidogo hata pasipo chai, na kikombe kimoja kikinywewa pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzwaji huo kwa zaidi ya nusu. Kutia maziwa hakuondoi tatizo, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa nayo hushindana na chuma. Wanaoumia zaidi ni wanawake wanaopata hedhi, wajawazito na watoto wadogo, ambao mahitaji yao ya chuma ni makubwa na ambao mara nyingi ndio wanaopata vipande vichache vya nyama mezani.

Ushauri wa kuacha chai kabisa, unaosikika mara kwa mara, hauna msingi wala hauhitajiki, kwa sababu tatizo ni saa ya kuinywa. Chai ikisogezwa saa moja au mbili kabla au baada ya mlo wenye mboga za majani au kunde, sehemu kubwa ya hasara hiyo huondoka bila kugharimu chochote. Mlo huohuo ukiambatana na chungwa, pera, embe au kachumbari yenye nyanya na ndimu, vitamini C iliyomo hukigeuza chuma cha mimea kuwa katika hali ambayo utumbo hukifyonza kwa wepesi, ila ndimu ikamuliwe juu ya chakula kilichokwisha kuepuliwa, kwa maana moto mkali huiharibu vitamini hiyo. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake hupunguza fitati, ambazo ni kemikali za ganda la nafaka na kunde zinazozuia pia chuma na zinki. Anayeyaharakisha maharage kwa magadi hupata jungu linaloiva mapema, lakini magadi huharibu vitamini B1 na huongeza sodiamu, kwa hiyo kuloweka ni njia bora zaidi.

Yanayosemwa kuhusu chuma cha chakula yana uzito mkubwa zaidi kwa vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki. Mjamzito anayevimeza kwa chai ya asubuhi anaweza kuvitumia kwa miezi bila himoglobini yake kupanda inavyotarajiwa, kisha akaambiwa kwamba havimezi. Vidonge hivyo vimezwe kwa maji au maji ya machungwa, mbali na chai, kahawa na maziwa, na ikiwa vinaleta kichefuchefu vimezwe pamoja na chakula kidogo au wakati wa kulala badala ya kuachwa. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni jambo la kawaida linalotokana na chuma kisichofyonzwa. Wahudumu wanaosahau kulitaja huwaacha wanawake wengi wakiogopa na kuvitupa. Kuna jambo lingine la kliniki ambalo halijulikani vya kutosha: vidonge vya SP, ambavyo mjamzito hupewa ili kumkinga na malaria, hufanya kazi kwa kumnyima kimelea foliki, ambayo ni vitamini ya kundi B, na kwa hiyo foliki ya dozi kubwa ya miligramu 5 kwa siku inaweza kudhoofisha kinga hiyo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 0.4 kwa siku kwa wajawazito, kiasi kinachomtosha mtoto tumboni bila kuiharibia SP kazi yake. Mama anayenunua foliki mwenyewe dukani asome namba iliyoandikwa kwenye pakiti.

Kama chai inaonyesha jinsi chakula kinavyozuia, dawa ya mseto ya malaria inaonyesha jinsi kinavyosaidia. Tanzania na Kenya ziliifanya dawa yenye artemetha na lumefantrini kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006, na mtu mzima humeza vidonge 4 kwa kila dozi, mara 6 ndani ya siku 3, huku dozi ya pili ikifuata saa 8 baada ya ile ya kwanza na nyingine zikiendelea asubuhi na jioni. Artemetha huua vimelea wengi kwa kasi lakini hutoka mwilini katika muda wa saa chache, na lumefantrini, ambayo hukaa kwa siku kadhaa, ndiyo inayowamaliza waliobaki. Lumefantrini haiyeyuki vizuri katika maji ila huyeyuka katika mafuta, na vipimo vilivyofanywa kwa watu wenye afya vilionyesha kwamba mlo wenye mafuta mengi unaweza kuongeza ufyonzwaji wake hadi mara 16 ikilinganishwa na tumbo tupu, na ule wa artemetha zaidi ya mara mbili. Hili ni jambo zito, kwa maana mgonjwa wa malaria ndiye hasa asiyetaka kula. Humeza vidonge kwa maji matupu au chai ya rangi, homa hushuka kwa sababu artemetha imefanya kazi yake, na baada ya wiki mbili au tatu vimelea waliosalia huibuka tena, naye akasema dawa ni feki.

Mafuta yanayohitajika si mengi, wala hakuna haja ya kumlazimisha mgonjwa kula pilau. Kikombe cha maziwa yasiyoondolewa mafuta, uji uliotiwa karanga zilizosagwa au tui la nazi, kipande cha parachichi au chapati iliyopakwa mafuta vinatosha, na mtoto mchanga anyonyeshwe tu, kwa sababu maziwa ya mama yana mafuta yanayohitajika. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, dozi hiyo irudiwe kwa maelekezo ya mhudumu, na akitapika kila kitu arudishwe kituoni upesi, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya sindano. Suala hili limekuwa la dharura zaidi tangu wanasayansi walipothibitisha Rwanda, Uganda na mkoani Kagera uwepo wa vimelea wanaostahimili kwa sehemu dawa za jamii ya artemisinini, ikiwemo artemetha. Pale artemetha inapolegea, mzigo wa lumefantrini huongezeka, na lumefantrini isiyofyonzwa haiwezi kubeba mzigo wowote.

Maziwa hayohayo yanayoisaidia dawa ya mseto huziharibu dawa nyingine. Doksisaiklini na jamaa zake, pamoja na siprofloksasini inayotolewa sana kwa homa ya matumbo na maambukizi ya njia ya mkojo, hushikwa na kalsiamu ya maziwa na mtindi, na pia na madini ya vidonge vya kutuliza kiungulia, hata sehemu yake ikapita tumboni bila kufyonzwa. Zimezwe kwa maji na maziwa yasubiri saa mbili au zaidi. Doksisaiklini inahitaji glasi nzima ya maji, na mgonjwa asilale kwa angalau nusu saa baadaye, kwa sababu kidonge kikinasa kwenye umio, yaani njia ya chakula, huuchoma na kuacha kidonda kinachouma kila anapomeza. Dolutegraviri, iliyomo katika kidonge kimoja cha siku ambacho watu wengi wanaoishi na VVU katika eneo hili hutumia, nayo hushikwa na chuma na kalsiamu, na kwa hiyo humezwa saa 2 kabla au saa 6 baada ya vidonge vya madini, au pamoja navyo ikiwa mtu anakula mlo kamili wakati huohuo.

Tofauti ni kwa balungi, ambalo kutenganisha saa hakusaidii. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waliotumia maji ya tunda hili kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya presha waliona kiwango cha dawa kwenye damu kikipanda kupita matarajio, na uchunguzi ukaonyesha kwamba kemikali za balungi hulemaza kimeng'enya cha kuta za utumbo ambacho kwa kawaida huvunja sehemu ya dawa kabla haijaingia mwilini. Utumbo huhitaji zaidi ya siku nzima kutengeneza kimeng'enya kipya, kwa hiyo glasi ya jana huathiri kidonge cha leo. Wanaotumia nifedipini au felodipini kwa ajili ya presha, simvastatini kwa ajili ya mafuta ya damu, au kabamazepini kwa ajili ya kifafa, waache balungi, na danzi pia. Chungwa la kawaida halina tatizo hilo. Mboga za majani hudai uangalifu wa namna nyingine kwa watu wachache wanaotumia wafarini kuzuia damu kuganda, kwa kuwa mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K inayopinga dawa hiyo. Hawa hawapaswi kuacha mboga. Wale kiasi kilekile kila wiki, ili daktari apange dozi inayolingana na mlo wao.

Viungo vimepewa sifa nyingi kuliko ushahidi wake, na pia vimeogopwa pasipo sababu, na karibu kila mabishano kuhusu viungo humalizika pale kiasi kinapotajwa. Manjano yana kiasi cha asilimia 3 tu ya kurkumini, kemikali ya rangi yake inayotafitiwa kwa ajili ya uvimbe na maumivu ya viungo vya mwili, na utumbo hufyonza sehemu ndogo sana ya hiyo. Kinachotiwa kwenye mchuzi ni kiungo cha ladha na rangi, hakidhuru wala hakitibu ugonjwa. Vidonge vya kurkumini vilivyokolezwa na kuchanganywa na piperini, yaani kemikali ya ukali wa pilipili manga inayozuia dawa na kemikali nyingine zisivunjwe, ni kitu kingine kabisa: huingiza mwilini kiasi ambacho hakuna pilau iwezayo kukifikia, na vimehusishwa na wagonjwa wa homa ya ini nchini Italia na Marekani. Kwa kuwa piperini hiyohiyo inaweza kupandisha viwango vya dawa za hospitali, mgonjwa asivianze bila kumwambia anayemtibu.

Mdalasini wa kasia, ulio mnene na mkali na unaouzwa kwa bei nafuu, una kumarini inayoweza kuumiza ini la baadhi ya watu, ilhali mdalasini wenye magome membamba yaliyojikunja tabaka kwa tabaka una kidogo sana. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka ukomo wa miligramu 0.1 za kumarini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa kasia kinaweza kuupita. Kipande kinachotiwa kwenye chai au biriani hakimtishi mtu, bali anayekunywa unga huo kwa vijiko kila asubuhi akitibu kisukari anajitafutia tatizo la pili. Kungumanga iliyoparuzwa kidogo ni nzuri katika vitumbua na kaimati, lakini punje nzima, yenye gramu 5 au zaidi, ikimezwa kwa mkupuo huleta mapigo ya moyo kwenda mbio, kutapika na kuona yasiyokuwapo. Karafuu ya Unguja na Pemba ina yujeno, ambayo kwa kweli hutia ganzi na hupunguza maumivu ya jino hadi mtu atakapomfikia daktari wa meno, ila mafuta yake halisi yafungiwe mbali na watoto, kwa sababu mililita zisizozidi 10 zimewahi kuliharibu ini la mtoto mdogo. Tangawizi ina ushahidi wa kuridhisha wa kupunguza kichefuchefu cha ujauzito. Kitunguu saumu cha mchuzini hakina lawama, lakini vidonge vyake vilivyokolezwa, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, vilishusha kwa karibu nusu kiwango cha sakwinaviri, mojawapo ya dawa za VVU za wakati huo. Anayetumia glibenklamidi ya kisukari na kuongeza juisi ya karela afahamu kwamba vyote viwili hushusha sukari, na kwamba kutokwa jasho jembamba, kutetemeka na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari iliyoshuka mno, zinazodai kitu chenye sukari papo hapo.

Lakini mwenye presha ana adui wa karibu kuliko viungo, nayo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale pungufu ya gramu 5 kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai kikijumlisha chumvi ya mkate, samaki wa chumvi, vidonge vya kukoleza supu na ile inayonyunyizwa mezani juu ya mihogo na chipsi. Hapa ndipo viungo vina faida yao kubwa isiyotangazwa, kwa maana pilipili, bizari, ukwaju, ndimu, giligilani na kitunguu huufanya ulimi usahau chumvi iliyopunguzwa. Tahadhari moja inawahusu wenye figo dhaifu na wanaotumia enalaprili, lisinoprili au spironolaktoni: dawa hizo huzuia mwili kutoa potasiamu, na potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo bila onyo. Glasi ya madafu inaweza kuwa na takriban miligramu 600 za potasiamu, na baadhi ya chumvi zinazouzwa kama chumvi salama za wenye presha zimetengenezwa kwa potasiamu. Mwenye figo nzima hana sababu ya kuogopa dafu. Mwenye figo mbovu aulize kwanza.

Dawa zinazoleta madhara mengi kimyakimya ni zile zinazonunuliwa kama peremende. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu kwa kuzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali za mwili zinazoamsha uvimbe na homa. Ila hizohizo ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo dhidi ya tindikali na kuiacha wazi mishipa ya damu ya figo. Kwa hiyo fundi wa ujenzi, mkulima au mama anayemeza diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo anaweza kupata vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, presha inayopanda ilhali dawa zake anameza, na figo zinazochoka bila kuuma. Hatari huongezeka sana anapotumia pia enalaprili pamoja na kidonge cha kupunguza maji mwilini, kwa sababu dawa hizo tatu kwa pamoja huzinyima figo msukumo wa damu, hasa siku ambayo amehara au ametoka jasho jingi juani. Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito, hasa baada ya wiki ya 20, wasizitumie bila daktari kujua. Parasetamoli ni salama zaidi kwao, lakini ina ukomo wake wa gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na dawa nyingi za mafua huwa nayo ndani, hata mtu akavuka ukomo bila kujua. Ikizidi huliharibu ini, na mgonjwa anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza wakati madhara yanaendelea. Kwa hiyo aliyemeza nyingi apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa dawa ya kuizimua hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Wanywaji wa pombe na wenye utapiamlo, ambao ini lao limekwisha kudhoofu, hufikia hatari mapema zaidi.

Mganga wa hospitali hawezi kuyapima yote haya ikiwa mgonjwa anamtajia nusu ya anachomeza, na mgonjwa hataitaja nusu ya pili akiogopa kukemewa kwa sababu ya mizizi, juisi au unga alionunua stendi. Baadhi ya unga wa nguvu za kiume unaouzwa kama wa asili tupu umekutwa katika nchi mbalimbali na sildenafili iliyofichwa ndani, dawa ambayo ikikutana na vidonge vya naitreti vya maumivu ya moyo inaweza kushusha presha hadi kuua. Kwa jambo kama hilo, aibu ni ghali mno. Basi kila msomaji mwenye ugonjwa wa kudumu, na kila anayemuuguza mzazi, akusanye katika mfuko mmoja vidonge vyote, chupa zote na pakiti zote za mitishamba zilizomo nyumbani, auchukue katika safari yake ijayo ya kliniki, na amwombe mfamasia ampangie kwenye karatasi kipi kimezwe saa ngapi, kwa maji au kwa chakula, na kipi kisikutane na kipi.